Vijiti vya Kuwashia Moto

Asikudanganye mtu kwamba Hulda aliipenda bustani ya Boma. Hakuipenda hata siku moja. Alichopenda ni kwamba mumewe, Elieza, alitoka nyumbani asubuhi akarudi jioni kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na kifua kinachopumua. Kama serikali ya Mwingereza ingemwajiri Elieza ahesabu nzi pale Njombe, basi Hulda angewapenda nzi.

Sababu alikuwa nayo. Mara mbili Elieza alipanda lori la manamba, wale vibarua wa mkataba, pale Makambako kwenda kukata mkonge huko Tanga, na mara ya pili alirudi akikohoa makohozi yenye rangi ya kutu. Daktari wa misheni alimgonga mgongo, akasikiliza, kisha akamwambia Hulda, wala si Elieza, kwamba mtu huyu akirudi tena kwenye joto na vumbi la mkonge, asitegemee kumwona. Mashamba ya baba yake, ndugu zake walikuwa wameshagawana alipokuwa huko huko Tanga. Kodi ya kichwa nayo haikungoja mtu apone. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu, ama Boma ama lori, na Hulda aliyajua yote mawili vizuri kuliko mtu yeyote.

Bustani ilikuwa mbele ya ofisi za serikali, wazi kwa kila mtu, na ndani yake kulikuwa na benchi mbili ambapo watu wa kesi na watu wa kodi walikaa wakisubiri kuitwa. Kuanzia mlingoti wa bendera mpaka getini, mke wa mkuu wa wilaya, yule tuliyekuwa tukimwita memsahibu, alichimbisha ukanda mmoja mrefu wa maua, hatua arobaini kamili. Alileta vitunguu vya maua kutoka Afrika Kusini kwa posta, vimefukiwa ndani ya sanduku la unga wa mbao. Elieza naye akaleta vyake: yale maua marefu, mekundu juu na manjano chini, aliyoyachimba mwenyewe kule Matamba, na yale meupe makavu ya milimani ambayo ukiyachuma hayanyauki, na mashina ya daisi aliyopewa na masista.

Kazi ilikuwa kuyachanganya. Kitunguu hutoa ua lake mwezi wa pili, watu wakasimama kutazama, halafu basi, majani yanageuka manjano na kulala chini ovyo. Majani hayo hayakatwi, maana ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa ajili ya mwaka unaofuata. Lakini nani anataka kukaa kwenye benchi akitazama majani yanayooza? Ndiyo maana maua ya kudumu hupandwa kwa mbele, yapande juu wakati huo huo na kufunika ile aibu. Kisha kiangazi kinakuja, vitunguu vinalala chini ya ardhi miezi mitano, huku juu huoni kitu. Memsahibu aliyajua hayo kwa kitabu. Elieza aliyajua kwa vidole, na mwaka wa tatu ilikuwa memsahibu ndiye anayemuuliza Elieza, si Elieza anayemuuliza memsahibu.

Haya yote Hulda alikuja kuyajua baadaye, na kwa uchungu. Wakati ule hakuyajua kwa sababu mumewe hakumwambia. Nyumbani Elieza alizungumza habari za chumvi, za kuni, za paa linalovuja. Maua yalikuwa mambo ya Boma, ya watu waliovaa viatu. Na Hulda ndiye aliyemfundisha yeye Elieza, walipooana, kulima vinyungu vile vya bondeni wakati wa kiangazi, maana Elieza mama yake mzazi alimlea kama yai. Siku moja alimuuliza, "Baba Priska, yale maua yakiisha huwa mnayafanyaje?"

"Huwezi kuelewa," Elieza akasema. "Ni mambo ya kitaalamu."

Akaendelea kula ugali uliosongwa na mtu asiyeweza kuelewa. Hulda alikaa na jibu lile kooni kwa siku kadhaa, kisha akalimeza, kwa kuwa kifua cha mumewe kilikuwa kimya usiku na hilo lilimtosha.

Kitu kimoja tu kilitoka kule bustanini kikafika jikoni kwake. Vilikuwa vijiti bapa vya mbao, vimepakwa rangi nyeupe, vimeandikwa kwa wino mweusi majina ya kizungu ambayo Hulda, aliyejua kusoma Agano Jipya na kitabu cha nyimbo, hakuweza kuyatamka. Elieza alirudi navyo mfukoni, vitatu leo, vitano keshokutwa.

"Takataka za bustani," alisema. "Washia moto."

Vilikuwa vikavu, vikashika haraka hata zile asubuhi ambazo moshi wenyewe unaona baridi. Hulda alichemshia uji kwa vijiti hivyo mwezi wa sita mzima, na alimshukuru mumewe kwa kumfikiria.

Mwaka ule memsahibu na mumewe walikwenda likizo Ulaya tangu mwezi wa tano, kijana mmoja wa Kizungu, aliyeitwa Bwana Mdogo, akabaki kukaimu ofisi. Kabla ya kuondoka, memsahibu alimwita Elieza, akamwambia ukanda ukichanua vizuri mwaka ujao ataandikwa kazi ya kudumu, mtunza bustani mkuu, na atapewa chumba cha matofali ya kuchoma nyuma ya Boma. Elieza alirudi nyumbani siku hiyo akiimba sauti ya besi. Hata majirani walimsikia.

Mwezi wa saba kifua kikaanguka. Baridi ya Njombe ya mwezi wa saba hamhitaji mimi niwaeleze. Umande unaganda mweupe juu ya nyasi na maji ya kunawa yanauma. Elieza alianza kwa homa, siku ya nne akawa hajui yuko wapi. Wanaume wanne walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni, na huko akalala wiki sita. Hulda alikwenda na kurudi, akibeba chakula, akipiga magoti njiani, akirudi kulinda nyumba isije ikaonekana haina watu. Tangu lini kibarua akaumwa wiki sita na kazi ikamsubiri?

Siku moja njiani kutoka kisimani alikutana na Romanus, nyapara wa vibarua wa Boma. Romanus alikuwa mtu wa kusema mambo kwa upole, na upole wake watu waliuogopa.

"Kamwene, Mama Priska. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaanza kukaa, baba. Anakunywa uji."

"Vizuri. Mimi sina neno. Ila Bwana Mdogo jana aliniuliza kama mtunza bustani amekufa. Nikamwambia bado. Akauliza, mbona bustani yake imekufa?" Romanus akatazama ndoo ya Hulda kana kwamba imetoboka. "Nina shemeji yangu yuko nyumbani tu, mikono yake haina kazi. Lakini mimi sina neno."

Hulda alitua ndoo nyumbani akaenda kuona. Aliyoyaona yalimtia haya mpaka masikioni. Hatua arobaini za mabua makavu! Baridi ilikuwa imeunguza kila kitu, yale marefu ya Matamba yamelala kahawia, daisi zimekuwa mavi ya mbuzi, na katikati mapengo matupu yenye nyasi kavu. Mbele ya ofisi ya serikali, pale ambapo watu wa Kifanya na wa kila mahali hukaa wakitazama! Shamba la namna hiyo, likikutwa hivyo mwezi wa nane, huwa ni la mlevi au la mtu aliyekufa. Kwetu ardhi hugeuzwa kabla ya mvua, nyasi zikafukiwa chini zioze, matuta yakanyooshwa. Na asiyefanya hivyo huimbwa kwenye pombe. Hulda alisimama pale akamhurumia mumewe, akamwonea aibu, akampenda, vyote kwa pamoja.

Akarudi akaloweka ulezi wa togwa.

Siku ya tatu, jua likichomoza, wanawake saba wa usharika walikuwa pale na majembe, akiwamo Vestina, jirani na rafiki yake wa tangu kipaimara. Romanus aliwafungulia geti mwenyewe, akasema ni jambo jema. Walilima, jamani. Wanaojua kulima wangelia kwa furaha. Walizamisha jembe mpaka mpini, wakageuza bonge kwa bonge, wakafukia mabua na mizizi, wakapiga matuta ishirini yaliyonyooka kama mistari ya daftari. Wakaimba nyimbo za Mavuno ingawa haukuwa wakati wa mavuno. Mpaka saa nne udongo wote ulikuwa mweusi unang'aa.

Katikati ya kazi Vestina aliinua kitu. "Mama Priska, hivi ni vitunguu?"

Hulda alikipasua kwa ncha ya jembe, akanusa. Hakikuwa na harufu ya kitunguu. "Vya wazungu hivyo. Viliachwa ardhini tangu mwaka jana, majani yamekauka, vimekwisha. Vitupe."

Wakavitupa, vilivyokatwa na vizima, kwenye korongo nyuma ya mahabusu. Vestina, ambaye hakuweza kuona kitu cha bure akakiacha, alijaza kikapu kimoja. Wiki ile alikuwa anakwenda Makambako kumwona dada yake, Idda, aliyeuza chai karibu na kambi ya manamba, na hakutaka kwenda mikono mitupu.

Bwana Mdogo alitoka barazani akawaangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hulda alikwenda nyumbani akiwa na malengelenge viganjani na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Priska wao aolewe. Hakumwambia mgonjwa. Alitaka ajionee mwenyewe.

Kwa hiyo siku Elieza aliporuhusiwa, Hulda hakumpitisha njia fupi. Alimshika mkono, wakapumzika kila baada ya mwendo, wakapitia Boma. "Njoo," alimwambia. "Kuna kitu nataka ukione kabla ya kulala."

Elieza alikiona. Alisimama getini akishika nguzo, akatazama matuta moja baada ya jingine hadi kwenye bendera, kama mtu anayehesabu mbuzi waliorudi na kukuta hesabu haitimii.

"Nani?" akauliza.

"Mimi," Hulda akasema. "Mimi na akina mama. Romanus alikuwa anatafuta nafasi ya kumwingiza shemeji yake. Tukamfunga mdomo."

Elieza alikaa chini pale pale, kwenye vumbi. Alipoongea aliongea Kibena, taratibu, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyomtisha Hulda. Akamwambia vilikuwa hai. Akamwambia vilikuwa vimelala tu. Akamweleza habari ya majani, na ya kitunguu kujilisha, na ya maua ya kudumu yanayosimama mbele. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili ya ndoa alimweleza mke wake kazi anayoifanya, na alimweleza mbele ya kaburi la kazi hiyo.

"Umeniua, Mama Priska," akamaliza.

Hulda hakuwa mtu wa kupigwa akanyamaza. "Uliniambia lini?" akasema. "Nilikuuliza kwa mdomo wangu. Ulinijibu nini?"

Elieza alichota vumbi kwa kiganja, akalimwaga.

"Ulisema sitaelewa. Sasa hivi umeniambia kwa maneno machache, na nimeelewa yote. Kumbe kilikuwa kitu cha maneno machache."

Tangu siku hiyo Elieza, na kifua chake kibichi, alipekua yale matuta kwa mikono. Alipata vitunguu kumi na kimoja, saba vimekatwa. Kule korongoni ng'ombe walikuwa wameshapita. Alimfuata Vestina, Vestina akamwambia kwa aibu kwamba vile vya kikapu dada yake alivichemsha, na waliokula walitapika mpaka asubuhi. Elieza alicheka, kicheko kibaya, kilichogeuka kikohozi. Akapanda vile kumi na kimoja, akakusanya vipande vya mizizi ya daisi, akangoja mvua.

Mvua ilinyesha mwezi wa kumi na moja, na memsahibu akarudi nayo. Ukanda wa hatua arobaini ulikuwa na machipukizi sita na magugu mazuri sana, maana udongo ulikuwa umelimwa vizuri. Waliitwa wote wawili, mume na mke, barazani pa ofisi. Romanus alikuwapo, amesimama kwa upole.

Memsahibu hakuwa na hasira ya kelele. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo, na Hulda akaona kwamba huyu mama amelia, akamhurumia. Aliuliza nini kilitokea, Elieza akaeleza: ugonjwa, hospitali, wanawake wa usharika. Memsahibu akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Lakini vibao? Kila mahali mimi naweka kibao kidogo. Cheupe, na jina. Sitini na zaidi. Mtu akilima anaona kibao, anajua hapa kuna kitu. Vibao viko wapi?"

Hulda alisikia sauti ya moto. Naapa, aliisikia, ule mlio mdogo wa kijiti kikavu kikishika chini ya chungu cha uji. Vijiti vyeupe. Takataka za bustani. Vitatu leo, vitano keshokutwa. Akamgeukia mumewe, na katika ule uso alioujua kuliko uso wake mwenyewe akasoma yote kama yaliyoandikwa. Huyu mtu alikuwa ameving'oa mwenyewe. Aliving'oa ili asiwepo mwingine, si Romanus wala shemeji yake, si memsahibu mwenyewe, atakayejua wapi kitu kimelala isipokuwa Elieza. Alitaka ile bustani isiweze kuishi bila yeye. Halafu akaugua, na hapakuwa na kijiti hata kimoja cha kumwambia mke wake asimamishe jembe.

Elieza alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Labda hawa wanawake waliviondoa," akasema kwa Kiswahili chake kizuri cha Boma.

Hulda angeweza kusema. Mdomo ulikuwa wake, na Kiswahili cha kutosha alikuwa nacho. Akafikiria lori, akafikiria makohozi ya rangi ya kutu. Akafikiri, mjinga wa kike wanaweza kumsamehe, lakini mwizi wa vibao hawatamsamehe.

"Ndiyo, memsahibu," akasema. "Mimi nilivichoma."

Na hakudanganya. Ndivyo ilivyokuwa, alivichoma yeye, kimoja baada ya kingine. Alingoja mumewe ainue kichwa, angalau amwangalie, lakini Elieza aliendelea na vidole vyake.

Haikusaidia. Mkuu wa wilaya mwenyewe alitoka ndani, akasema hawezi kumlipa mtu wa kutunza magugu, na kwamba ukanda ule utapandwa nyasi. Nyasi hazihitaji mtaalamu, zinahitaji mtu wa fyekeo. Shemeji yake Romanus alianza Jumatatu.

Hawakugombana nyumbani. Ingekuwa afadhali wangegombana. Hulda alipika, Elieza alikula, na kila asubuhi alipokuwa akiwasha moto kwa maganda ya mahindi, mumewe alitoka nje mpaka moto ushike. Hulda alingoja neno moja tu kutoka kwa mumewe. Hata lingesemwa vibaya, hata lingesemwa kwa kukohoa, angelipokea. Wiki zikapita. Karani wa kodi akapita. Mwezi wa pili Elieza akachukua blanketi lake, na Hulda akamsindikiza Makambako, siku mbili kwa miguu kwenye matope.

Pale kambini kulikuwa na mtu wa kuwapima manamba. Alimgonga Elieza kifuani mara mbili kama anayebisha hodi, akamwandika. Lori lingeondoka saa sita. Walikuwa na muda wa chai, wakaenda kwa Idda, dada yake Vestina, kibanda cha nyasi na mafiga matatu.

"Kumbe ninyi ndio wenye vile vitunguu?" Idda alisema akiwamiminia. "Mlitaka kuniua. Nilichemsha sufuria moja tukatapika wote. Vilivyobaki nikavimwaga kwenye jalala la majivu, huko nyuma. Nendeni mkaone maajabu yenu."

Elieza aliweka kikombe chini akaenda. Hulda akamfuata.

Vilikuwa vimechanua. Nyuma ya kibanda, juu ya majivu na maganda ya viazi, yalisimama mashina ishirini na ushee, mekundu, meupe, na ya ile rangi ya waridi ambayo bila shaka memsahibu aliilia. Mbele yake magugu ya kawaida ya jalalani yalikuwa yameota na kufunika miguu yake, mafupi, yenye maua madogo ya manjano, pasipo mtu kuyapanga. Hulda alikuwa hajawahi kuyaona maua ya mumewe yakiwa yamechanua na yeye akajua anaangalia nini. Yalikuwa mazuri. Ilimuuma kwamba yalikuwa mazuri.

Elieza alipiga magoti kwenye majivu. Akacheka, akapumua, akawa Elieza yule wa besi. Aliomba kisu na fungu la mianzi mikavu iliyokuwa chini ya paa la kibanda, akachonga vijiti haraka haraka, akachomeka kimoja penye kila shina. Kila alipochomeka alieleza, na alieleza vizuri. "Majani yakianza manjano usiyakate. Yaache mpaka yakatike yenyewe. Kiangazi hutaona kitu hapa, ndiyo maana naweka vijiti. Ndipo uje uchimbue, polepole, kwa mkono, si kwa jembe. Uvitie kwenye majivu makavu. Uvipeleke kwa memsahibu. Mwambie Elieza amevipata. Ataniandikia barua, nitarudishwa hata kabla ya mkataba kuisha. Mama Priska, unanisikia? Huu ndio uhai wangu huu."

"Nakusikia," Hulda akasema. Aliyashika yote. Lilikuwa somo la kwanza alilofundishwa na mumewe, na alikuwa mwanafunzi mzuri. "Nitakapompelekea memsahibu, nimwambie na habari ya vile vijiti vyeupe? Nani aliving'oa?"

Elieza alikuwa na kijiti mkononi. Alikizungusha, akakikagua ncha.

"Hiyo haina haja," akasema. "Yule ameshakusamehe wewe. Kwa nini tuyafukue tena?"

Akachomeka kijiti.

Honi ya lori ilipiga. Elieza alijifuta majivu magotini, akamshika mkono mke wake kwa mikono miwili, akaenda mbio kidogo kwa sababu wenzake walikuwa wameshapanda. Alikohoa akipanda. Kutoka juu ya lori aliendelea kumwonyesha kwa kidole kule nyuma ya kibanda, mpaka lori likakata kona ya barabara ya Iringa.

Hulda alirudi akakaa kwenye kigoda. Chai yake ilikuwa imepoa na manyunyu yalikuwa yameanza tena. Idda alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga akipuliza, macho yanamtoka machozi, kuni zimelowa, moto unazima. Alitazama huku na huku, akazunguka nyuma ya kibanda, akarudi na vijiti vinne mkononi, vikavu, vyenye ncha.

"Hivi ni vya nini, Mama Priska? Mmeviweka ninyi?"

Hulda alivitazama. Alivitazama muda mrefu kiasi kwamba Idda alianza kuvirudisha.

"Takataka za bustani," Hulda akasema. "Washia moto. Na vingine viko huko huko."